Padri Blažej Koutník, Mchambua Manyoya wa Bystrá

Alizaliwa tarehe tatu Februari mwaka 1626, siku ya Mtakatifu Blasi, katika mji mdogo wa Vrbice, mashariki ya Bohemia. Kwa kuwa alikuja duniani kengele ya misa ikiwa bado inalia, hakuna aliyejisumbua kutafuta jina: akaitwa Blažej, yaani Blasi huyo huyo. Baba yake, Jiří Koutník, alikuwa mtengeneza kimea cha bia. Mama yake, Markéta, alikuwa mwanamke wa maneno machache, na yote makali. Mtakatifu Blasi ni mlinzi wa makoo, na kila mwaka siku yake ilipofika mtoto alipelekwa altareni, mishumaa miwili ikapishanishwa shingoni pake, koo likabarikiwa. Baraka ilishika upande mmoja tu. Mtoto hakuugua koo hata siku moja, lakini kuimba hakuweza. Kila wimbo aliouanza aliupoteza njiani, kama mtu aliyetumwa chumvi akarudi na sabuni. "Mtakatifu kamlinda koo," mama yake aliwaambia majirani, "sauti kasahau." Tunaliandika hili mapema kwa sababu Mungu, ambaye haachi kitu kikae bure, alikuja kulitumia.

Kasoro yake ya pili ilikuwa haraka. Blažej hakujua kubisha hodi. Aliingia popote kama upepo wa Machi, mlango ukagonga ukuta, paka akaruka, maziwa yakamwagika, naye ameshaanza kusema alichokijia. "Blažej!" mama alikuwa akipiga kelele. "Mlango umekukosea nini?" Alikuwa akiomba msamaha kwa moyo wote, kisha akatoka kwa kishindo kile kile. Ukweli ni kwamba alikuwa na mambo mengi mazuri moyoni na alidhani watu wote wanayangoja.

Utoto wake ulikuwa wa vita, vita vile virefu ambavyo watoto walizaliwa ndani yake wakaoa ndani yake. Alipokuwa na miaka kumi na mitatu, askari wa farasi walipangwa kulala katika nyumba za Vrbice. Wahenga walisema mgeni aje mwenyeji apone; wale waliokuja kwa Jiří Koutník walikula kimea, wakala kuku, kisha baridi ilipozidi wakatia katika moto wa jiko meza, viti, na mwisho susu, kitanda cha mtoto mchanga, la mdogo wa Blažej aliyekuwa amefariki mwaka ule. Mama yake alisimama akaangalia susu linavyoungua. Blažej alikuwa na maneno tayari ya kila jambo, lakini siku hiyo hakupata hata moja. Mpaka uzee wake hakuweza kusikia mtu akitaja askari wa kulazwa majumbani bila mikono kumtetemeka.

Baada ya vita kupunguza makali mjini kwao, mapadri wa Shirika la Yesu walimpokea shuleni, na mwaka 1645 akaingia unovisi, yaani malezi ya mwanzo ya watawa, huko Brno. Mlezi wa wanovisi, mzee mwenye utani mkavu, alimwandikia katika mwenendo wake sifa nyingi na kumwambia uso kwa uso jambo moja: "Ndugu Blažej, Mungu aliweka bawaba mlangoni. Zitumie." Alicheka, akaahidi, akasahau. Mwaka 1648 Waswidi walipoizingira Praga, alikuwa miongoni mwa wanafunzi waliolinda daraja, na wenzake walisema baadaye kwamba kishindo chake peke yake kilitosha jeshi. Akapewa upadri, akawekwa kufundisha ufasaha wa Kilatini. Hapo kipaji chake kikachanua. Mashairi yake ya Kilatini yalisomwa wakati wa chakula mbele ya maprofesa wenye mvi, nao waliacha vijiko vyao wakasikiliza.

Wito wake wa kweli ulimjia kando ya kitanda. Mwaka 1659 mama yake alikuwa anakufa, naye akaenda Vrbice amechukua utenzi alioutunga juu ya kifo cha Bwana wetu, kazi iliyosifiwa na chuo kizima. Akamsomea mama yake wote, kwa Kilatini, na machozi yakimtoka mwenyewe. Markéta alisikiliza hadi mwisho, akanyoosha mkono, akamshika mtoto wake kidole. "Nzuri, mwanangu," akasema. "Sasa niambie na mimi." Blažej akafungua mdomo kumweleza kwa Kicheki, akakuta maneno ya lugha ya mama yake yamemkauka. Alipoyapata, mama alikuwa ameshalala, na kutoka usingizi huo hakuamka tena. Tangu siku hiyo hakutunga tena kwa Kilatini. Wenzake walimcheka kwa upole. "Kicheki, Padre? Hiyo si lugha ya kuitia bata bukini?" Naye alijibu, "Basi nitaanza na bata." Hakujua alikuwa anatabiri.

Mwaka 1666 aliomba kutumwa misioni, akapelekwa Horní Bystrá, kijiji cha wafumaji wa kitani chini ya milima ya Orlice. Watu wa huko walikuwa wa imani ya babu zao, wale Waprotestanti waliojiita Ndugu, na sheria ya Kaisari ilikuwa imewafanya Wakatoliki kwa kalamu, mioyo yao ikiwa haijaulizwa. Jumapili walikuja misa kwa sababu waliamrishwa. Walisimama, walipiga magoti, walichovya vidole katika maji ya baraka. Lakini wimbo ulipoanza, hakuna mdomo uliofunguka. Mpiga kinanda alicheza peke yake. Katika nchi ambayo hata mchunga nguruwe ana sauti yake ya kwaya, kanisa zima la mabubu ni kitu cha kutisha, na wao walijua hivyo. Ndiyo ilikuwa silaha yao ya pekee.

Padri Blažej aliwaendea kwa haraka yake yote. Alihubiri saa nzima, akahubiri mbili. Alileta picha ya jehanamu iliyochorwa kwenye turubai, akaionyesha kwa fimbo, pembe moja hadi nyingine. Alikwenda nyumba kwa nyumba, akafungua milango kwa kishindo, akaanza kusema kabla theluji haijamdondoka viatuni. Walimkalisha, wakampa mkate, wakamtazama kama watu wanavyotazama mvua wakingoja ikome. Anayejua watu wa milimani kwetu anajua kwamba hawabishani na mtu wanayemkataa. Wanamwongezea chai ya mitishamba.

Msimamizi wa mashamba ya bwana mwenye milima ile aliitwa Laub, mtu wa mjini, nadhifu, asiye na ubaya mkubwa ila kukosa subira. Mwanzoni mwa mwaka 1667 alimwita Padri Blažej. "Padre," akasema, "nimeandikiwa kutoka juu. Kijiji kinachokuja kanisani kama maiti si cha Kikatoliki. Nakupa mpaka Pasaka. Jumapili ile nitakuja mwenyewe kusikiliza. Wasipoimba kama watu wengine, Jumatatu nawaletea askari wa farasi, wawili kila nyumba, walale humo mpaka midomo ifunguke."

"Hutaki hivyo," akasema Blažej, na mikono yake ilikuwa imeshaanza kutetemeka.

"Sitaki," Laub akakiri. "Lakini nitafanya. Na kuna jambo jingine. Unajua kwamba wanakutana? Kila jioni, nyumbani kwa mjane Dorota Jiroušková. Wanawake watupu. Mlango unafungwa, madirisha yanazibwa kwa matambara, na mtu akicheka au akikohoa anafukuzwa. Mtu wangu amesikia nyimbo. Ni ibada yao hiyo, Padre. Wewe waone kwanza, au niwaone mimi."

Sasa, mtu yeyote aliyekulia katika nyumba yenye bata bukini ameshaelewa, na anacheka. Lakini Laub alikuwa mtu wa mjini, na Blažej alikuwa ameishi miaka mingi mno ndani ya kuta za chuo. Alichokiona akilini mwake ni askari wakivunja mlango wa mjane na kutia susu jikoni. Jioni ya tarehe tatu Februari, siku yake mwenyewe ya kuzaliwa, alipanda njia ya theluji kwenda kwa Dorota mbio, akiomba afike kabla ya mtu mwingine. Upepo wa kaskazini ulikuwa mgongoni mwake. Madirisha yalikuwa yamezibwa kweli. Ndani wanawake walikuwa wanaimba kwa sauti ya chini sana, wimbo ambao hakuujua. Hakubisha hodi. Aliusukuma mlango kwa mikono miwili, ukagonga ukuta.

Wanawake tisa walikuwa wameketi kuizunguka meza, na katikati ya meza palikuwa na lundo la manyoya laini ya bata, yaliyochambuliwa toka kwenye uti, urefu wa mtu aliyeketi. Yalikuwa manyoya ya mfarishi, lile tandiko nene la kujifunika, wa harusi ya Anežka, binti wa Dorota, ambaye angeolewa baada ya Pasaka. Msichana wa kwetu haendi kwa mume bila mfarishi wa manyoya, na Dorota, kwa ufukara wake wa bata, alikuwa ameyakusanya tangu Anežka yuko mdogo. Upepo ukaingia kabla ya Padri. Lundo likainuka. Likapanda juu kwa utulivu wa ajabu, likafunika taa, likafunika wanawake, kisha likagawanyika: mengine yakaingia jikoni yakaungua kwa harufu mbaya, mengine yakampita Padri masikioni yakaenda nje kwenye theluji, ambako hakuna jicho lingeweza kuyatofautisha na theluji yenyewe. Hata katika kupotelewa, desturi ya miaka iliwafunga midomo.

Dorota ndiye aliyeanza. "Funga mlango, wewe!"

Padri Blažej akaufunga. Akageuka, amejaa manyoya toka kichwani hadi miguuni.

"Mama yangu," akasema bibi mmoja polepole, "bata kaingia na kanzu."

Mmoja akaziba mdomo kwa mikono miwili. Mabega ya mwingine yakaanza kutikisika. "Asicheke mtu!" Dorota akafoka kwa kunong'ona. "Yaliyobaki nayo yaruke?" Anežka alikuwa analia bila sauti. Dorota akamwendea Padri, mwanamke mfupi, mikono imejaa vumbi la manyoya, akamtazama toka chini. "Padre, umekuja kutukamata?"

"Nilikuja..." Akatazama huku na huku. Hapakuwa na kitabu, hapakuwa na mhubiri. Palikuwa na sinia la mikate midogo yenye jemu ya plamu. "Nilidhani mnasali."

"Kama ungebisha hodi ungeambiwa tunafanya nini. Huyu mtoto wangu ataenda kwa mume na nini sasa? Na hotuba yako?" Akamvutia kiti. "Padre au si Padre, kaa. Okota. Na usipumue ovyo."

Akakaa. Aliokota manyoya mpaka taa ilipoishiwa mafuta, na kesho yake jioni akarudi, na kesho kutwa. Alikuwa ametamka mbele ya Mungu, na alimwambia Dorota vivyo hivyo, kwamba hataacha mpaka mfarishi wa Anežka utimie. Na kwa kuwa manyoya yaliyopotea hayakurudi, aliomba manyoya ya bata kwa majirani wa mabonde ya chini, akabeba magunia mgongoni, akayachambua. Kazi ile ina sheria zake. Hairuhusiwi kucheka, kupiga chafya, kusema kwa nguvu wala kuinuka ghafla. Mlango unafunguliwa kiasi cha kiganja tu, na anayeingia anaingia kwa ubavu. Hivyo mhubiri aliyekuwa hawezi kunyamaza akanyamazishwa na kitu chepesi kuliko vyote duniani, na Kwaresima yote ile, kwa mara ya kwanza maishani, alisikiliza.

Alisikia nani ana mtoto mgonjwa. Alisikia utani wao. "Padre anachambua kama anayemnyoa askofu," walinong'ona, wakimcheka kwa macho, maana midomo ilikatazwa kucheka. Alisikia Dorota akieleza, bila kumtazama, jinsi baba yake alivyofukuzwa nchini kwa ajili ya imani, na jinsi alivyoondoka akiimba hadi sauti ikapotelea msituni. Na kila jioni alisikia wimbo ule wa chini. Maneno yake yalikuwa ya zamani, yameliwa na miaka. Lakini sauti ilipanda na kushuka kwa mwendo wa mikono inayochambua, na haikumtoka tena kichwani. Mikono ikiwa imejaa manyoya hakuweza kuandika. Akawa anatunga kimoyomoyo, ubeti kwa ubeti, kwa lugha ya kuitia bata, juu ya sauti ile ile:

Njoo polepole, Bwana,
usisukume kwa kasi;
pumzi yako ni pana,
mimi ni unyoya basi.

Alipowasomea kwa kunong'ona, hakuna aliyemsifu. Bibi mmoja alifuta jicho akasingizia vumbi. Anežka akaomba arudie, akarudia, na jioni iliyofuata alisikia wawili watatu wakiyatia maneno yake katika sauti yao, wakichambua, kana kwamba yalikuwa humo siku zote. Dorota peke yake hakuyaimba. Naye Blažej hakuwaambia lolote juu ya Pasaka na askari. Hilo ndilo lililomtesa kuliko yote. Akiwaambia, wataimba kwa hofu, na wimbo wa hofu alikwisha kuusikia utotoni. Asipowaambia, huenda susu likaungua tena. Aliomba usiku na mchana ajue lipi ni lake, na hakupata jibu.

Jumapili ya Matawi Laub alimkuta nje ya kanisa. "Padre, inasemekana unakaa na wanawake unachambua manyoya. Nimelazimika kuwaandikia wakubwa wako."

"Umefanya vema. Uliwaandikia kwamba nimejifunza kufungua mlango?"

"Watu wataimba au hawataimba?"

"Sijui," akasema Blažej. "Njoo usikilize."

Alhamisi Kuu kengele zilinyamaza, na watu wakasema, kama tusemavyo sisi sote, kwamba zimeruka kwenda Roma. Kijiji kikabaki na makelele ya vibao tu, vinavyogongwa badala ya kengele. Alfajiri ya Pasaka zikarudi, watu wakaja, wakasimama mahali pao, midomo imefungwa. Laub alikuwa amekaa nyuma kabisa, na nje, kwenye uwanja, farasi wa askari waliokuja naye walikuwa wanakwangua ardhi kwa kwato. Kila mtu aliwasikia. Padri Blažej alipanda mimbarini. Alikuwa na hotuba kali kifuani, ya miezi miwili. Akaiacha. Alishika ukingo wa mimbari, akafungua koo lake lililobarikiwa, akaanza kuimba peke yake wimbo wa manyoya.

Ilikuwa mbaya kupita kiasi. Mstari wa kwanza aliuanza juu mno, wa pili ukamponyoka, na alipofika penye pumzi ya Bwana alikuwa ameshaingia katika wimbo mwingine kabisa ambao haujawahi kuwepo. Mpiga kinanda aliinamisha kichwa. Laub aliangalia kofia yake. Padri hakuacha; jasho lilimtoka, akaanza ubeti upya, akaupotosha zaidi. Na hapo, katikati ya kimya cha watu ambao walikuwa wamekaza midomo miaka yote dhidi ya Kaisari na sheria na jehanamu ya turubai, sauti ya mwanamke ikapasuka.

"Siyo hivyo!"

Dorota alikuwa amesimama. "Siyo hivyo, Padre! Huo ni wimbo wa mama yangu, unauchinja!" Akavuta pumzi, akauimba. Sauti yake ilikuwa ya chini na imara, na maneno aliyoyaimba yalikuwa ya Blažej, yote, hadi la mwisho. Kumbe alikuwa nayo siku zote. Anežka akaingia naye. Wakaingia wachambuaji wote, kisha waume zao, kisha mabibi wa nyuma, na sauti ambayo kwa miaka ilikuwa ikiimbwa kwa kunong'ona ili manyoya yasiruke ikainuka kwa mara ya kwanza kwa nguvu zake zote, mpaka vioo vya madirisha vikatetemeka. Padri Blažej alikaa kwenye ngazi za mimbari akalia kama mtoto. Alifurahi, na hakuona haya kufurahi.

Laub alisikiliza mpaka mwisho, akatoka, na farasi wakasikika wakishuka mlima. Askari hawakurudi Bystrá.

Baada ya misa Dorota alimfuata penye chumba cha kuvalia. Akabisha hodi. "Usije ukafikiri umenibadili," akasema. "Nimeimba kwa sababu ulikuwa unaharibu."

"Najua, mama."

"Na wale farasi, ulijua wanakuja?"

"Nilijua tangu kabla sijakumwagia manyoya."

"Na hukusema."

"Niliogopa mtaimba kwa ajili yao."

Hatusemi kwamba Bystrá yote iliongoka siku ile. Tungekuwa tunaandika uongo mahali patakatifu. Wengine waliamini mapema, wengine walichelewa, na Mungu anawajua wote. Dorota alikuja kuungama baada ya miaka, siku ya kawaida, bila kuitwa, na alikaa kitubioni kwa muda mrefu hivi kwamba waliokuwa nyuma yake walienda zao nyumbani kula. Anežka aliolewa wiki mbili baada ya Pasaka, na mfarishi wake ulikuwa mzuri ila kona moja, ambako manyoya ya Padri, aliyekuwa bado mwanagenzi, yalibaki na uti na kumchoma mtu. Mumewe alilala upande huo maisha yake yote, na alipoulizwa alisema hiyo ndiyo kona yake ya Kwaresima.

Padri Blažej alikaa milimani miaka kumi na minne. Alitunga nyimbo nyingi, zote kwa sauti alizozikuta vijijini, zote kwanza zikapimwa kwenye meza ya manyoya, na ule ambao wanawake hawakuuchukua aliuchoma. Yeye mwenyewe alilala kwenye majani makavu, hakuwa na mto. Haraka yake haikumwisha kabisa, ila mbele ya kila mlango alisimama, akapumua, akabisha, akafungua kiasi cha kiganja. Watoto wa Bystrá walimwigiza, naye aliwacheka.

Mwaka 1680 tauni ilipanda toka mabondeni. Wakubwa wake walimwandikia kwamba ana ruhusa ya kurudi chuoni, kwa kuwa ana miaka hamsini na minne na kifua kibovu. Alijibu kwa shukrani, akabaki. Watu waliokuwa wamefungiwa majumbani na maradhi, ambao hata ndugu zao waliwaachia chakula kizingitini na kukimbia, walisikia hodi, wakaona mlango unafunguka kidogo, kisha uso wake. Aliwapaka mafuta, aliwaosha, aliwazika. Mwezi Septemba uvimbe ukamtokea kwapani, akaenda kulala kwenye ghala la kitani ili asimwambukize mtu.

Dorota, ambaye sasa alikuwa kikongwe, na Anežka walimfuata huko. Anežka alikuwa amebeba mfarishi wake wa harusi.

"Toa hapa," akasema Padri. "Nikifa mtalazimika kuuchoma. Ni mali ya maisha yako yote."

"Nyamaza, Padre," akasema Anežka, akimfunika. "Ulinipunguzia kona. Leo chukua wote."

"Mwanangu, sijawahi kulala kwenye manyoya."

"Ndiyo maana una haraka ya kufa. Lala vizuri."

Akalala. Alisema una joto lisilo la kawaida, na kwamba kona ile inamchoma bado, na akacheka mpaka akakohoa. Kisha akawaomba wamwimbie, na akaonya kwamba hataimba nao, kwa heshima ya wimbo. Dorota aliuanza kwa sauti ya chini, kama zamani mezani, ubeti wa mwisho ambao Padri alikuwa ameutunga mwaka ule:

Nikusanye kiganjani,
upepo usinipate;
nilaze kwako moyoni,
na usiku unipite.

Walipomaliza alikuwa amekwenda. Desturi yetu ni kufungua dirisha mtu akifa, ili roho ipate njia, na watu wengi kwa uchungu hulisukuma kwa nguvu. Dorota aliinuka, akaliendea dirisha dogo la ghala, akalifungua kiasi cha kiganja. "Pita, Padre," akasema. "Polepole." Nje upepo wa kaskazini ulikuwa umevuma wiki nzima, na wote wawili walishuhudia kwamba wakati ule ulitulia, na hakuna hata unyoya mmoja uliotikisika juu yake.

Mfarishi ulichomwa kesho yake, kama sheria ya tauni ilivyotaka. Wazee wanasema manyoya yaliyopona moto yalipanda yakaangukia mapaa ya Bystrá kama theluji ya mapema, na kwamba baada ya hapo hakuugua mtu mwingine. Tunaliandika kama tulivyopokea. Kanisa halijatangaza neno juu ya Padri Blažej, nasi hatutangulii mbele ya Kanisa. Lakini watu wa milimani wameshamwita mtakatifu, na kila tarehe tatu Februari wanawake wa Bystrá huketi kuchambua manyoya na kuacha kiti kimoja kitupu karibu na mlango. Majira yaliyofuata tauni kila nyumba ilimletea Anežka gunia la manyoya bila kuombwa, na mfarishi wa pili haukuwa na kona mbaya. Inasemekana alimwambia mumewe kwamba ule wa kwanza ulikuwa bora.

Ewe unayesoma, wewe uliye na jambo jema moyoni na unadhani watu wote wanalingoja, mwangalie mtumishi huyu wa Mungu. Alikuwa na ulimi wa dhahabu, na haukufungua mlango hata mmoja. Keti kwanza mezani pao. Chambua pamoja nao. Na siku utakapoinuka kwenda kwa jirani yako, mwenye huzuni au mwenye kukuchukia, simama mlangoni pake, upumue, ubishe hodi.

Kisha fungua kiasi cha kiganja.